Juu ya Methali «Ngoma Ivumayo Haidumu»

Kila mtindo mpya uingiapo Dar es Salaam, sisi walimu na makasisi twakimbilia methali moja: «Ngoma ivumayo haidumu.» Yafaa tuipime kwa mambo yaliyotukia Kariakoo na mitaa ya jirani.

Mfano wa kwanza ni beni, ngoma ya kuiga gwaride la askari, iliyoanza pwani ya Kenya, ikashika sana Dar es Salaam baada ya Vita Kuu ya 1914–1918. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilikuwa na wafalme na majenerali wao. Wengi waliilaumu kuwa ni upuuzi. Ni kweli, beni ilififia. Lakini walioilaumu hawakutazama jinsi wanachama walivyosaidiana katika ugonjwa na mazishi, mjini ambako wengi wao walikuwa wageni.

Mfano wa pili wauma. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Kabla siku hiyo haijafika, wanawake walishambuliwa Kariakoo kwa ajili ya mavazi yao. Mitindo ya nguo hupita yenyewe. Aibu waliyotiwa wanawake wale haikupita.

Mfano wa tatu wapingana na methali waziwazi. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, iliundwa mwaka 1964. Mtindo wake uliitwa Msondo, jina la ngoma ya unyago. Chama kikawa JUWATA, kisha OTTU, na bendi ikafuata kila jina. Mwishowe ikaitwa Msondo Ngoma. Vivyo hivyo Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, yajulikana zaidi kwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Majina ya vyama yamepita, ya ngoma yamesalia.

Methali yenyewe haina kosa. Yaonya juu ya ngoma ivumayo kupita kiasi. Haikusema kila ngoma mpya ipasuliwe. Kosa ni letu tuitumiao kama hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Basi kijana akija darasani na mtindo mpya, tumwulize kwanza: Waitwaje? Jina hilo limetoka wapi? Wamfaa nani? Karipio, likihitajiwa, na lifuate majibu.