Masafa Yapi? Istilahi za Redio ya Ridhaa Mezani pa Fundi

Istilahi ikisimama peke yake katika orodha, aghalabu huwa na sura nzuri. Kasoro zake hudhihirika pale inapowekwa pamoja na jirani zake katika sentensi moja, na msomaji akatakiwa kutenda jambo kwa kuifuata sentensi hiyo. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi chache za redio kwa kipimo hicho. Uwanja uliochaguliwa ni redio ya ridhaa, yaani kazi ya mtu anayejaribu nyumbani kwake vyombo na namna mbalimbali za mawasiliano ya redio kwa ajili ya kujifunza.

Uwanja huo haukuchaguliwa ovyo. Katika kituo cha utangazaji kazi zimegawanywa: huyu husoma habari, yule hutunza mtambo, na mwingine hushughulikia leseni. Mtu wa redio ya ridhaa hana wa kugawana naye. Yeye ndiye aombaye leseni, ndiye akataye waya wa antena na kuufunga juu ya mwembe, ndiye achaguaye bendi, na ndiye azungumzaye na mwenzake wa Mombasa au wa Japani. Maneno ya sheria, ya fizikia na ya ufundi hukutana katika chumba kimoja. Ikiwa yanagombana, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua.

Tuanze na jina lenyewe. Wako wafasiri wanaoandika "redio za watu binafsi". Tafsiri hiyo haifai, kwani msomaji ataelewa vituo vya biashara visivyo vya serikali. Wengine huandika "wapenzi wa redio", nao ni wasikilizaji. Kanuni za Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, yaani ITU, zinaieleza huduma hii kuwa ni ya kujielimisha, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya ufundi, inayofanywa na watu walioidhinishwa, bila ya kutafuta faida ya fedha. Neno "ridhaa", ambalo wanamichezo wamelizoea kwa maana ya kucheza bila ujira, linalibeba wazo hilo barabara. Basi lishikwe.

La pili ni zito zaidi, maana linagusa sheria. Katika tafsiri nyingi, tendo la kupeleka mawimbi hewani huitwa "kutangaza". Lakini utangazaji, kwa kanuni hizo hizo, ni huduma iliyokusudiwa kupokewa moja kwa moja na umma. Redio ya ridhaa si hivyo: ni mazungumzo baina ya kituo na kituo. Ofisa akiandika katika masharti ya leseni kwamba mwenye leseni "anaruhusiwa kutangaza", amempa kwa kalamu ruhusa ambayo hakukusudia kumpa. Na akiandika kwamba "haruhusiwi kutangaza", amemfungia mtambo wake wote. Tuseme "kurusha" kwa mawimbi na "kutuma" kwa ujumbe, na "kutangaza" tuwaachie watangazaji.

Sasa tufike kwenye neno lililotupa kichwa cha makala haya. "Masafa" kwa asili ni umbali, na maana hiyo ingali hai: kila siku twasikia juu ya mbio za masafa marefu. Neno hilo hilo limechukuliwa kutaja idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, ile inayohesabiwa kwa herzi. Tena, katika "masafa mafupi" na "masafa ya kati" ya matangazo ya redio, linataja urefu wa wimbi lenyewe. Neno moja limetwishwa mizigo mitatu.

Hebu tuone matokeo yake. Mtu anataka kutengeneza antena ya dipoli kwa ajili ya megaherzi 7.1, katika bendi ya mita 40. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawa 300 kwa megaherzi, nao ni kama mita 42.3. Nusu yake ni mita 21.1, na kwa kuwa waya halisi huhitaji kufupishwa kwa kiasi cha asilimia 5, atakata mita 20 na kitu. Kwa megaherzi 14.2 itamtosha nusu ya waya huo, yaani mita 10 hivi. Sasa tumpe maelezo haya kwa Kiswahili tulicho nacho: "Masafa yakiwa makubwa, waya uwe mfupi. Masafa yakiwa marefu, waya uwe mrefu. Masafa mafupi hufika masafa marefu." Sentensi zote tatu ni za kweli. Ya kwanza yahusu mitetemo, ya pili urefu wa wimbi, na ya tatu yasema kwamba mawimbi mafupi, yakirudishwa chini na tabaka la ionosfia, huvuka bahari. Lakini ni fundi gani atakayeshika mkasi kwa maelezo hayo?

Dawa inayopendekezwa na baadhi ya wataalamu ni kuliondoa neno "masafa" katika fizikia na kuweka "frikwensi". Kwa kitabu cha shule pendekezo hilo lina nguvu. Hata hivyo, "masafa" kwa maana ya mitetemo yamekwisha kuzama katika lugha ya ofisi na ya leseni, na neno lililokubaliwa na umma haling'olewi kwa waraka. Kwa maoni yangu, njia iliyo nyepesi ni kuyatia nidhamu maneno yanayofuatana nalo. Masafa ya redio yawe ya juu au ya chini tu, kamwe yasiwe marefu wala mafupi. Penye urefu, tuseme mawimbi: mawimbi marefu, ya kati, mafupi. Na penye mwendo kutoka hapa hadi kule, katika maandishi ya redio tuseme umbali. Sentensi zetu tatu zitakuwa hivi: "Masafa yakiwa ya juu, waya uwe mfupi. Wimbi likiwa refu, waya uwe mrefu. Mawimbi mafupi hufika umbali mkubwa." Hakuna neno jipya lililobuniwa, na fundi anaweza kukata waya wake.

Hali ni hiyo hiyo kwa "njia". Limetumika kwa mkondo wa mawasiliano, kwa mapito ya wimbi angani, na kwa namna ya utumaji, kama vile Morse, sauti, au FT8. Hii ya mwisho ilitolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, nayo hutuma ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde 15. Agizo "badili njia" lina tafsiri tatu mbele ya mtambo mmoja. "Namna ya utumaji" ni ndefu, lakini haipotezi mtu.

Yaweza kusemwa kwamba watu wa redio ya ridhaa kwetu ni wachache na vitabu vyao ni vya Kiingereza, kwa hiyo kazi hii ni ya anasa. Jibu ni kwamba maneno haya si yao peke yao. Mwalimu wa fizikia huyatumia darasani, na ofisa huyatumia katika kanuni ambazo mahakama yaweza kuzisoma. Hao wachache wametufaa kwa kuyakutanisha tu. Kwa hiyo, kabla ya kuidhinisha orodha yoyote ya istilahi za ufundi, yafaa kamati iandike kwa maneno hayo ukurasa mmoja wa maelezo ya kazi, kisha impe mtu ambaye hakuwamo kikaoni aufuate kwa mikono yake. Akikwama, mwenye kosa si yeye.