Hati na Ruhusa: Kumsoma Kijakazi kutoka Kiwanjani

Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), aghalabu huhakikiwa kwa kigezo cha mgogoro kati ya mwinyi na mtwana. Kwa mtazamo huo, Kijakazi, mtumishi mkongwe anayeendelea kumtii bwana wake hata baada ya Mapinduzi ya 1964, huchukuliwa kuwa kielelezo cha fikra zilizolala. Tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), yaweza kutumiwa kumsuta: Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon kudai haki, ilhali Kijakazi ananyenyekea. Makala haya yanadai kwamba ulinganisho wa aina hiyo unapuuza swali la msingi: mhusika anaishi juu ya ardhi kwa idhini ya nani?

Historia ya walowezi wa Kenya inalipa swali hilo uzito. Walowezi wenyewe hawakuwa tabaka moja. Mnamo 1903 Lord Delamere alikodishiwa eka 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Wanajeshi wazungu waliogawiwa mashamba kwa mpango wa 1919 walipata sehemu ndogo zaidi, na wengi walilemewa na madeni. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya 1915 iliwafungulia wakubwa kwa wadogo mlango wa kukodi kwa miaka 999. Tajiri na mdaiwa waliunganishwa na hati.

Mpaka wa umoja huo ulionekana Isiolo, chini ya mteremko kutoka mashamba ya walowezi ya Timau. Wasomali waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza waliruhusiwa kukaa na kulisha mifugo yao hapo. Vita vilikuwa vile vile. Mmoja alilipwa kwa hati, mwingine kwa ruhusa. Mtaa wa Kiwanjani umekulia katika mji huo, ambamo hata baada ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, barua ya ugawaji haijawa sawa na hatimiliki. Anayesoma riwaya hii akiwa hapo anaijua hofu ya mtu aliyejenga mahali asipoweza kuthibitisha kuwa ni pake.

Kwa jicho hilo, Kijakazi anabadilika. Silaha ya kibarua ni kugoma: Lanina na wenzake wanaweza kumnyima mlowezi nguvu zao. Anayeishi katika shamba la bwana kwa hisani yake hana silaha hiyo, kwani akikaidi hapotezi ujira tu, bali pia pa kulala. Hoja hii haikusudiwi kumtakasa Kijakazi. Utiifu wake unaipita hofu, na Shafi anataka msomaji audhikike. Lakini kuuita ujinga mtupu ni kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Baada ya Mapinduzi, mashamba ya Zanzibar yalitaifishwa na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Ardhi yenyewe ilibaki ya serikali. Bwana alibadilika, ruhusa ikabaki. Uhakiki unaoishia kwenye anguko la kasri haujauliza bado Kijakazi alikabidhiwa nini mkononi.