Namna ya Kutambua Utando wa Bakteria Ulioandaliwa kwa Ustadi

Ukiletewa picha ya utando wa bakteria iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni, usiharakie kuisifu. Ulizia maji yalikwenda wapi. Utando ulio hai, kama ule unaoota ndani ya mpira wa mkojo wa mgonjwa, sehemu yake kubwa ni maji, na hadubini hii kwa kawaida hufanya kazi penye ombwe, ambamo maji hayakai. Ustadi wote uko katika kuyatoa bila kubomoa kile kilichoyashika.

Tazama seli kwanza. Staphylococcus aureus ni viduara vya upana wa mikromita 1 hivi. Vikiwa vimebonyea kama mpira uliopungua upepo, shuku kwamba sampuli iliachwa ikauke hewani, mvutano wa uso wa maji ukaviponda.

Kisha tazama ute unaozizunguka seli, maana hapa ndipo fundi hodari anapojitenga na wengine. Glutaraldehaidi ya asilimia 2.5 hukaza protini vizuri, lakini sukari ndefu za ute huziachilia. Anayejua kazi huongeza rutheniamu nyekundu, ndipo afuatishe osmiamu tetroksaidi. Asipofanya hivyo, ethanoli inapopandishwa kutoka asilimia 30 hadi 100, ute husinyaa ukawa nyuzi. Wengi huzipenda nyuzi hizo, na majarida yamezichapisha sana. Mimi siziamini mpaka nione sampuli ya pili iliyogandishwa ghafla na kutazamwa ikiwa bado barafu. Ikiwa huko ute umetanda juu ya seli, basi nyuzi zile zimezaliwa maabara.

Kwa ukaushaji, nachagua kaboni dioksaidi: ikivuka nyuzi 31 za Selsiasi na baa 74, mpaka kati ya kimiminika na gesi hutoweka, na mvutano nao haupo tena.

Vijiwe vya pembe kali ni dalili ya chumvi ya bafa isiyosuuzwa. Dhahabu inayopakwa juu ya sampuli ili kuondoa chaji, yenye unene wa nanomita 5 hadi 10, yatosha. Ikizidi, hufunika umbile dogo la uso, na ikipungua, picha hupigwa michirizi myeupe ya chaji.

Mwisho, dai picha za ukuzaji mdogo za kipande kizima. Mabaka matupu yenye kingo zilizochanika huonyesha kwamba utando ulibanduliwa na pipeti iliyominywa kwa nguvu, na kipande cha namna hiyo hakifai kupimia unene wala ueneaji wake.