Mpaka Udongo Ushibe

Mwezi wa pili unapokaribia kuisha, bonde la mto Mkondoa huwa limekwisha kufyekwa. Majembe yametiwa mipini mipya. Mbegu bado inaning'inia juu ya jiko, kwenye moshi ambao fukusi hawauvumilii, na kila mtu Kilosa anatazama milima ya upande wa magharibi.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mgeni hudhani kazi imeanza. Bibi yangu hakuinuka. Alingoja kupambazuke, akachukua jembe, akaenda kuchimba mashimo matatu: moja juu mwinukoni penye kichanga, moja katikati, moja chini penye udongo mweusi. Kila shimo alilitia mkono. Unyevu ukiishia kwenye vidole, tulirudi nyumbani. Ukifika kifundo cha mkono, alisema udongo umeshiba, na siku hiyo hata chai ilinywewa shambani.

Naisifu kazi hiyo ya kutia mkono shimoni, kwa sababu sijaona ufundi mwingine wenye gharama kubwa namna hii kwa aliyekosea. Mbegu iliyopata unyevu wa juujuu huota vizuri tu. Kisha mzizi unashuka, unakuta ukavu, na jua la siku kumi linaua miche mingi. Hapo ni kurudishia: mbegu ya pili na vibarua wa pili, na mahindi machanga yanayokua kivulini mwa wenzao. Lakini anayengoja mno naye huumia, maana mahindi yake yatatoa mbelewele wakati masika yanaaga. Katikati ya makosa hayo mawili kuna siku chache, na ni lazima mtu mmoja aseme: leo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kila mwaka, nasi tunausikiliza redioni kwa makini. Ila eka mbili zetu zina udongo wa aina tatu, na utabiri hauwezi kushuka mpaka hapo.

Bibi alitangulia akipiga mashimo, sisi watoto tukifuata na mbegu, mbili kila shimo, na kufukia kwa mguu. Hakuwa na kamba. Nilipokuwa mkubwa nilizipima hatua zake, nikakuta zimekaribia sana vipimo vya maofisa ugani, sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo. Sisemi hivyo kuwapunguza wataalamu. Kituo cha utafiti cha Ilonga kiko jirani yetu, na mbegu zilizotoka pale, kama Staha na TMV-1, zilitupa mahindi yanayostahimili ugonjwa wa milia. Staha! Aliyeipa mbegu jina hilo alijua inaingia mikononi mwa watu gani.

Kwa ndugu zetu wa Mikumi, kupanda ni nusu ya kazi. Hifadhi imekuwapo tangu 1964, na wanyama hawajui mpaka. Tembo wanaogopwa zaidi, ila wao huja hasa mahindi yakianza kubeba. Mwezi wa tatu adui ni mdogo: kanga na nyani wanaofukua mbegu kabla haijaota, na nguruwe pori wanaoufuata mstari usiku, shimo kwa shimo, kama waliopanda wenyewe. Kwa hiyo dungu hujengwa kabla jani halijaonekana. Baba hulala humo na tochi na debe la kugonga, na watoto hushika zamu ya alfajiri kabla ya shule. Kisha, tangu 2017, wamekuja viwavijeshi vamizi. Mama huamka mapema, anafunua moyo wa kila mche na kudondosha majivu kidogo. Maelfu ya miche, kwa vidole viwili.

Na mto wenyewe. Desemba 2009 mpaka Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo, ukaingia mjini Kilosa, ukang'oa Reli ya Kati kuelekea Gulwe, na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Watu walirudi bondeni, na walioko mbali waliwaita wabishi. Mimi siwaiti hivyo. Udongo mweusi unaolisha nyumba zetu uliletwa na mafuriko ya namna hiyohiyo, tope juu ya tope, kabla ya babu zetu. Mkulima wa Kilosa anaujua mto kwa pande zake zote mbili, na kila mwaka anapima ni umbali gani ausogelee.

Bibi hayupo tena. Mashimo matatu sasa huchimbwa na mama, na masika haya aliniambia nitie mkono mimi. Nilipapasa mpaka chini, nikamwambia umeshiba. Akatia wake, akanyamaza kidogo, kisha akafuta vidole kwenye kanga.

"Bado, mwanangu. Tungoje mvua moja."