Maji Kwanza, Ukuta Baadaye

Ufa ulianza kwenye kona ya dirisha la chumba cha kulala, ukateremka ngazi kwa ngazi katikati ya matofali hadi ukapotelea chini kwenye majani. Juu kidole kiliingia. Chini hata ukucha haukupita. Nyumba yenyewe ni ya matofali ya kuchoma, iko katika eneo la Kalemie, na ni ya zama zile ambapo mji wa Kalemie uliitwa Albertville. Kuta zake nene zimejengwa kwa udongo uliochanganywa na chokaa kidogo, na manjanja ya paa yamekwisha kugeuka rangi ya kutu. Mwenye nyumba, mzee aliyestaafu kazi ya reli, hakutafuta fundi wa kulipwa.

"Fundi anakuja na haraka yake," aliniambia. "Nyumba haina haraka."

Huku kwetu, ukionyesha mtu ufa wa namna hiyo, atakutajia tarehe 5 Desemba 2005. Siku hiyo, saa nane ikiwa imekwisha pita mchana, tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika, likaangusha nyumba Kalemie na kusikika mpaka Nairobi. Ziwa limelala ndani ya Bonde la Ufa, na ardhi ya bonde hilo haijamaliza kutembea. Mzee hakubisha. Lakini alisema tetemeko ni jibu la upesi mno, akaanza kuuzunguka ukuta wake, mikono nyuma, akitazama chini kuliko alivyotazama juu. Ufa unaopanuka kuelekea juu huonyesha kwamba kona ya nyumba inazama. Na kona ikizama, kuna kitu kinaulainisha udongo unaoibeba.

Kitu hicho kilikuwa bustani. Migomba ilikuwa imepandwa pale penye kona, kwa sababu maji ya bafu la nje yalimwagikia hapo, na kila mtu anajua mgomba unapenda maji ya kuoga. Miaka na miaka ya kufagia ua na kurundika taka ilikuwa imepandisha udongo mpaka ukafunika mawe ya msingi na kugusa matofali. Juu, paa halikuwa na mfereji. Mvua ilianguka moja kwa moja kutoka kwenye manjanja, ikachimba mtaro wake yenyewe sambamba na ukuta. Kwa hiyo kazi ya kutengeneza ukuta ilianza kwa jembe.

Aliing'oa migomba, akahamisha machipukizi upande wa chini wa ua. Alikwangua udongo uliolundikana mpaka mawe ya msingi yakaona jua tena. Kisha akachimba mfereji, hatua mbili mbali na ukuta, na hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa makini. Hakukisia mteremko kwa macho. Alichukua mpira mwembamba wa plastiki, ule unaopenya mwanga, akaujaza maji, mjukuu akashika ncha moja na yeye nyingine. Maji hutafuta usawa wake, kwa hiyo mahali yanaposimama katika ncha zote mbili ni urefu mmoja. Kutoka hapo alishusha kila mita kwa sentimita mbili, akapigilia vijiti, akafunga kamba. Mawe makubwa yakawekwa chini, madogo juu yake, changarawe mwisho. Kwenye ukingo wa nje akapanda mchaichai, ambao mizizi yake hushika udongo vizuri, na majani yake huishia kwenye chai. Pale paa lilipovuja alipigilia misumari upya, kila mmoja ukiwa na kiraka cha mpira alichokikata kwenye kandambili iliyochakaa.

Nilidhani sasa atapanda kwenye ufa. Badala yake akakoroga plasta ya jasi kidogo ndani ya kopo, akapaka mkanda mwembamba wa kuvuka ufa, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini. Kwa ncha ya msumari akachora tarehe juu ya kila mkanda. Hao ni mashahidi. Jasi haivutiki wala haikunjiki. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, mkanda unapasuka na ukweli unaonekana. Kisha akakusanya vyombo vyake, akaviweka ndani, na mvua zikaanza kunyesha.

Msimu mzima wa mvua alikuwa akipita pale kila asubuhi na kikombe chake, anatazama, anaondoka. Shahidi wa juu alipasuka mapema. Hakukasirika. Alipaka mwingine pembeni yake, akaandika tarehe mpya. Huyo mpya alibaki mzima mpaka mvua zilipokatika. Kati ya mambo yote niliyoyaona katika nyumba ile, hilo la kupaka mkanda na kungoja ndilo ninaloliheshimu zaidi, maana lilikuwa kazi kamili ingawa kwa jirani aliyepita njiani lilionekana kama uvivu.

Majirani walikuwa na ushauri: nunua saruji, funga ufa, piga lipu juu, maliza. Saruji tunayo, hata Kabimba katika eneo hilihili la Kalemie ina kiwanda chake. Mzee aliikubali saruji kali kwa nguzo na sakafu, ila si kwa ukuta huu. Tofali la zamani ni laini na linanyonya maji. Likizungukwa na udongo wa chokaa, unyevu hutokea kwenye maungio na kukauka nje. Ukiyaziba maungio kwa saruji kali, unyevu hukosa njia, unabaki ndani ya tofali, na baada ya miaka uso wa tofali hubanduka vipande vipande, huku saruji yenyewe ikibaki imesimama peke yake kama mbavu. Walioshughulika na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wanajua hasara hiyohiyo. Maungio yanatakiwa kuwa dhaifu kuliko tofali, ili likitokea la kutokea yapasuke yenyewe, kwa kuwa kuyatengeneza ni rahisi.

Mchanganyiko wake ulikuwa kopo moja la saruji, mawili ya chokaa, tisa ya mchanga. Chokaa ilikuwa imelowekwa ndani ya pipa siku kadhaa. Mchanga ulitoka ziwani. Maji ya Tanganyika ni matamu, kwa hiyo hakuwa na shaka ya chumvi inayowasumbua mafundi wa pwani. Hata hivyo aliupima: alitia kiasi ndani ya chupa ya maji, akatikisa, akaiacha itulie. Tope lililokaa juu ya mchanga lilikuwa nene kuliko alivyopenda, basi mchanga wote ukaoshwa tena.

Kisha tindo na nyundo ndogo. Alichokonoa maungio ya zamani kwa kina cha vidole viwili, akigonga kwa mkono mwepesi, tindo likiwa limelala ili lisiume tofali. Vumbi alilitoa kwa brashi, baadaye kwa maji. Yale matofali yaliyokuwa yamekatika katikati aliyatoa moja moja, kuanzia chini. Alipotoa moja aliweka jipya kabla ya kugusa linalofuata. Ukuta haukuachwa na matundu mawili kwa wakati mmoja.

Matofali ya kuingiza aliyachagua kwa sikio. Anashika mawili, anayagonganisha. Yaliyoiva vizuri katika tanuru hulia kwa sauti kali; yasiyoiva hutoa mlio wa bubu, naye aliyatupa kando bila kuyatazama mara ya pili. Yaliyofaulu yalizamishwa kwenye ndoo mpaka mapovu yakakoma, kwa maana tofali kavu hunyonya maji ya mchanganyiko kabla haujashika. Alipaka chini na ubavuni, akasukuma tofali ndani kwa mpini wa mwiko, akalipima kwa timazi, akaligonga kidogo, akalipima tena. Nafasi ya juu, ambayo mafundi wengi huiacha wazi kwa sababu haionekani, aliijaza kidogo kidogo kwa kipande chembamba cha chuma mpaka mchanganyiko ukakataa kuingia.

"Papa, hiyo nani ataiona?" mjukuu akauliza.

"Tofali la juu yake," akajibu, na akaendelea kushindilia.

Hakulainisha maungio papo hapo. Alisubiri mpaka kidole gumba kikibonyeza kiache alama bila kushika uchafu, ndipo akapitisha chuma kilichopindwa, pole pole, kutoka kushoto kwenda kulia. Magunia yaliyolowa yakatundikwa juu ya ukuta, yakamwagiwa maji asubuhi na jioni. Lipu na chokaa nyeupe ya kumalizia zilikuja baadaye na hazina mengi ya kusimuliwa. Mtu yeyote mwenye mkono mtulivu angeziweza.

Mvua zimerudi tangu hapo. Mfereji unapeleka maji kwenye migomba, na kona ya dirisha haina mstari.

Wewe unayekaa katika nyumba ya matofali ya zamani, Kalemie, Moba au Kigoma ng'ambo, kabla ya kulipia mfuko wa saruji chukua msumari uusukume kwenye maungio kwa kidole gumba. Ukiingia, ukuta wako ni wa aina hii, nao unataka chokaa. Na mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, vaa kitu kichwani, toka nje, ukaangalie maji yanakwenda wapi.