Kusi Chini ya Ardhi

Kusi likishika, bahari ya Likoni, Mombasa, haina utani. Mawimbi yaliyotoka mbali kusini mwa Bahari ya Hindi yanaupiga mwamba ulio mbele ya Shelly Beach, na ngurumo yake mtu anaisikia kabla hajafika ufuoni. Mvuvi anaisikiliza aamue kama ngalawa itoke. Wako mafundi wengine wanaoisikiliza ngurumo hiyo, nao ndio ninaowasifu hapa: wanaochora miamba iliyofichika chini ya ardhi kwa kufuata mtikisiko wa bahari.

Mawimbi yakisukuma sakafu ya bahari, nchi kavu nayo hutikisika. Unyayo hauhisi kitu, lakini kipima-mitetemo kilichozikwa mamia ya kilomita bara hunasa mtikisiko huo usiku na mchana. Wasomi wa matetemeko waliuona kero kwa miaka mingi. Miaka ya 1940 jeshi la wanamaji la Marekani likajaribu kuutumia kufuatilia vimbunga vya Karibi, na mwaka 1950 Mwingereza Michael Longuet-Higgins akaonyesha kwa hesabu kwamba mawimbi yanayokutana uso kwa uso huweza kuisukuma sakafu ya bahari hata kwenye kina kirefu. Kumbe dhoruba huandika habari zake ardhini.

Ufundi wenyewe unataka subira. Tuseme kifaa kimoja kimewekwa Likoni, cha pili Changamwe. Vinaachwa miezi, kisha rekodi zake zinalinganishwa sekunde kwa sekunde. Ni kazi ya kupepeta: kelele zisizohusiana zinapeperuka, na mtetemo uliopita hapa ukafika kule unabaki, ukizidi kuonekana kila siku inapoongezwa. Ukijua muda wa safari, umejua kasi, na kasi humtajia fundi aina ya mwamba. Mitetemo ya haraka, hata ya malori ya bandarini, hueleza tabaka za juu. Ile ya taratibu hushuka kilomita nyingi.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba tetemeko kubwa likitokea, mafundi hawa hulifuta au hulipunguza makali, lisije likazima mnong'ono wanaoutafuta. Wala hawatosheki na msimu mmoja. Kusi peke yake lingeleta mawimbi ya upande mmoja na kuipotosha picha, kwa hiyo vifaa husubiri kaskazi nalo livume. Hata hivyo, kipindi kifupi nacho kimewahi kufaa: mwaka 2005 mtafiti Nikolai Shapiro na wenzake walichora miamba ya California kwa kelele za mwezi mmoja tu.

Kenya ilishapimwa kwa njia nyingine. Mradi wa utafiti wa KRISP ulilipua baruti mwaka 1990, na kwa mitetemo yake tukajua kwamba ganda la dunia katika Bonde la Ufa lina unene wa takriban kilomita 35 upande wa Naivasha, likipungua hadi kama 20 Turkana. Kazi ile ni ya heshima kubwa. Lakini nani atalipua baruti Kisauni, kati ya nyumba, misikiti na madrasa?

Na bara ya Mombasa ina mengi ya kuchorwa. Ramani ya mwanajiolojia P. V. Caswell, iliyochapishwa mwaka 1953, inaonyesha jinsi ardhi inavyobadilika kwa mwendo mfupi. Ng'ambo ya Likoni unakanyaga matumbawe ya kale, na ukitazama kuta zake karibu unaona makombe yaliyoganda mwambani. Nyuma ya Kisauni kuna mchanga. Changamwe unakuta mwamba wa tope la bahari ya zamani, wa kijivu, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 145. Unameguka vipande vyembamba mkononi, na ukilowa masika unageuka utelezi.

Tofauti hizo zina uzito, maana ardhi laini hukuza mtikisiko. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lililotokea baharini, pwani ya Tanzania, lilisikika hadi Mombasa. Ghorofa nazo zinazidi kupanda Likoni, Kisauni na Changamwe.

Kusi halitozi ada, na halihitaji kibali cha baruti. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko hapo Tudor, na vijana wa uhandisi wamejaa. Wapewe vipima-mitetemo, wavifukie ng'ambo zote tatu, waviache mwaka mzima.