Nguvu Inayolifaa Jiwe

Kwenye machimbo ya mawe ya sabuni ya Tabaka, kusini mwa Kaunti ya Kisii, hakuna anayelipua. Mwamba hutolewa ardhini kwa mtaimbo, sululu, jembe na panga, na kwa mabega ya vijana wanaopanda kutoka shimoni mmoja nyuma ya mwingine. Mgeni akiwaona hudhani ni umaskini tu: laiti wangepata baruti, kazi ya wiki nzima ingeisha kabla ya chai ya saa nne. Mimi naona vingine. Watu hawa wamechagua, na walichokichagua ndicho kigumu kuliko vyote katika ufundi wowote unaohusu nguvu, yaani kujua ni nguvu ya namna gani, na ya kiasi gani, ambayo kitu kilicho mbele yako kinaweza kuistahimili.

Anayetaka kuelewa uzito wa uchaguzi huo aanze na baruti yenyewe, maana baruti si kitu kimoja. Ile nyeusi ya kale, ya shura, makaa na salfa, huwaka ikisukuma. Moshi wake ni mzito, na nguvu yake haina haraka kama ya vilipuzi vilivyokuja baada yake. Mwaka 1867 Alfred Nobel wa Sweden alipata hataza ya dainamaiti, na hiyo haisukumi, inavunjavunja. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi, na hapo ukazaliwa ukoo mzima wa baruti za bunduki na bastola: za vipande bapa, za vijiti, za vidonge vya mviringo, kila moja na kasi yake ya kuungua.

Kule Marekani, ambako sheria inamruhusu mlenga shabaha kujijazia risasi zake mwenyewe, uchaguzi wa baruti ni taaluma kamili, na hata mtu asiyependa silaha anaweza kuiheshimu hekima iliyomo. Mtutu wa bastola ni mfupi. Baruti ya kuungua polepole, inayoifaa bunduki ya mtutu mrefu, ingekuwa bado inaungua risasi ikiwa imeshatoka, na sehemu kubwa ya nguvu yake ingepotea hewani kwa mwale na kishindo. Ya kuungua haraka humaliza kazi humo humo ndani, lakini shinikizo lake hupanda ghafla, hivyo haina huruma na anayepima ovyo: ikizidi, silaha inaweza kupasukia mkononi. Tena kwa kuwa inayohitajika ni kidogo sana, ganda linaweza kumeza vipimo viwili bila kufurika, na jicho lisitambue. Ndiyo maana wajazaji waangalifu wengi hupenda baruti yenye wingi, inayolijaza ganda hata kosa likionekana waziwazi. Wanapima kwa punje, kipimo cha kale cha Waingereza ambacho 7,000 zake ndizo ratili moja, na wanapima tena. Fundi wa namna hiyo haulizi baruti ipi ina nguvu kuliko zote. Anauliza ipi inalingana na urefu wa mtutu wake, uzito wa risasi yake na kazi iliyo mbele yake.

Kwetu Kenya jambo hilo halifanyiki sebuleni kwa mtu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, imeuweka utengenezaji wa silaha na risasi chini ya leseni, na kiwanda cha serikali cha risasi, Kenya Ordnance Factories Corporation, kiko Eldoret tangu 1997. Baruti ya kupasulia miamba ina sheria yake ya vilipuzi, Sura ya 115. Nami sisikitiki. Abagusii, wenyeji wa Kisii, waliijua baruti wakiwa upande wa kupigwa nayo. Mwaka 1905 Waingereza walikuja na bunduki ya rashasha ya Maxim. Januari 1908 Mgusii aitwaye Otenyo akamchoma mkuki afisa wao, Northcote, aliyepona, na kikosi cha kulipiza kisasi kikachoma nyumba na kuswaga mifugo. Kwenye milima hii, anayesifu nguvu ya baruti kwa kuwa ni nguvu tu atapata wasikilizaji wachache.

Lakini kupasua mwamba ni habari nyingine, na hapo baruti ina wapimaji wake wazuri. Wachimbaji wa mawe makubwa ya ujenzi, wanaotaka kipande kizima cha kuchongwa au kukatwa mabamba, waligundua zamani kwamba kilipuzi kikali kinawaharibia. Kinaubomoa mwamba, sawa, lakini kinaacha ndani ya kila kipande nyufa nyembamba kama unywele, zisizoonekana siku ile. Baruti nyeusi, kwa upole wake, huusukuma mwamba ufunguke kwenye mshipa wake wa asili na kuacha jiwe zima. Kwa hiyo mwenye granaiti ya kuuzwa vipande vikubwa hutafuta baruti ya polepole, naye mwenye kutaka kokoto hutafuta ya kasi, kwa sababu kwake kuvunjikavunjika ndiko faida.

Ukishafahamu hayo, utaona Tabaka wamefika mwisho wa ngazi hiyo hiyo. Jiwe lao ni laini mno. Likiwa bado na unyevu wa ardhini, panga linalikata na kisu kinalimenya. Limejaa mishipa, tabaka juu ya tabaka, rangi ikipakana na rangi: jeupe, la krimu, la waridi, la kijivu, jekundu, jeusi. Kwa jiwe kama hilo hata baruti iliyo pole kuliko zote ni nguvu iliyozidi. Kipimo sahihi cha baruti Tabaka ni sufuri, na kukijua kipimo cha sufuri kunahitaji ufahamu uleule wa anayepima punje kwenye mizani.

Nimemtazama mzee mmoja akichagua jiwe pembeni mwa shimo, na ningependa msomaji amwone pia. Kijana alikuwa ameshusha bonge la rangi ya krimu lenye ukubwa wa mtungi. Mzee hakuligusa mara moja. Alilizunguka, akalimwagia maji kutoka kwenye kopo, akasubiri. Uso wa jiwe ulipoanza kukauka, ukabaki mstari mmoja wenye unyevu, mwembamba, ukikata kona ya chini. Maji hukawia kukauka mahali penye ufa, na mstari ule ndio uliokuwa ukimwambia. Kisha akaligonga kwa mpini wa panga, juu, ubavuni, chini, huku ameinamisha kichwa. Juu lilijibu kwa mlio mkavu, mfupi. Kwenye ile kona likatoa sauti nzito, kama lina uvivu.

"Tata, tulikate hapa?" kijana akauliza, akionyesha katikati.

"Hapana, mwanangu. Ukikata hapo utapata mawili mabovu. Ondoa kona hii peke yake, utapata moja zima."

Akaupitisha ukucha, akachora kwa ncha ya kisu, akautazama unga uliotoka kama ni laini au una changarawe. Chembe ngumu ndani ya jiwe laini ni adui wa mchongaji, kwa sababu kisu kinachoteleza vizuri kikifika kwenye chembe hiyo huruka, na sikio la kiboko anayechongwa linaondoka nacho. Mtaimbo ulipofuata, ulichomekwa kwenye mstari uleule wa maji na kubonyezwa taratibu, kwa uzito wa mwili, bila kupigwa. Kona ikaachia.

Hapo kuna elimu ambayo siioni ikipewa jina lake. Tunamsifu mchongaji, na anastahili. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, amelipeleka jiwe hili mbali. Sanamu yake ya ndege wa amani iko kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Lakini sanamu kubwa haichongwi kutoka kwenye jiwe lenye ufa. Kabla ya patasi ya msanii yeyote mkubwa kuna mchimbaji aliyelitambua bonge lile lingali ardhini, akaamua lisipigwe, lichimbuliwe pembeni kidogo kidogo, liinuliwe kwa magogo na kamba. Jina lake halichorwi kwenye kibao. Mimi ningelichora.

Uamuzi wa mchimbaji huonekana wazi kwa kina mama wanaosugua. Baada ya mchongaji kumaliza, kiboko, sahani, bakuli au kete za sataranji hukabidhiwa kwao, nao hukaa kando ya mabeseni ya maji na msasa, wakianza na ulio mkali na kumalizia na ulio laini kama kitambaa. Kazi hii hufanywa ndani ya maji ili vumbi lisipae na uso ulainike. Na ndani ya maji hayo ndipo kila siri ya jiwe inapotoka. Ufa uliofichika tangu shimoni hujitokeza pale, chombo kikiwa kimeshalipiwa jasho la watu watatu, na sahani inaweza kugawanyika mkononi mwa mama anayeisugua. Hebu fikiria mashimo yale yangelipuliwa. Mawe yangetoka mengi, haraka, ya bei rahisi, na yangevunjikia kwenye mabeseni ya kina mama. Hasara ya baruti isingelipwa na aliyewasha utambi. Ingelipwa na yule wa mwisho katika mnyororo, anayepata kidogo kuliko wote.

Kuna pia rangi, na hapa uchaguzi hugeuka kuwa wa macho. Mafundi husema jeupe hukikubali kisu kwa urahisi, na kwamba jekundu na jeusi ni magumu zaidi, hayapatikani ovyo, na huthawabisha uvumilivu. Jeupe ndilo linalopakwa rangi na kuchorwa mistari kwa ncha ya chuma, likawa lile pambo tunaloliona kwenye maduka ya barabarani. La waridi lenye mawimbi halihitaji kupakwa kitu. Huhitaji nta tu na mtu mwenye busara ya kuacha mawimbi yaseme. Mara nyingi nimeona jiwe zuri la mawimbi likipakwa rangi nzito ya viwandani ili lifanane na mapambo mengine kwenye rafu, na nimeumia.

Hata hivyo asiyejua asidhani nayasifu mashimo kama yalivyo. Kuta zake ni udongo na mwamba legevu, na mvua za masika zikinyesha huporomoka. Kuchimba kwa mkono hakumfanyi mchimbaji awe salama. Kukataa baruti ni hekima ya jiwe. Hekima ya watu inadai zaidi: kingo zilizokatwa ngazi badala ya ukuta wima, shimo linalofungwa baada ya mvua kubwa, kofia ngumu, na mtu wa kusimama juu akitazama ukuta badala ya kutazama jiwe. Haya si mambo ya gharama za kutisha.

Ukipanda upande wa Nyamira habari inageuka. Kule kuna miamba migumu, na ukingo wa Manga ukiutazama kutoka mji wa Kisii unasimama kama kuta za ngome. Mwamba mgumu wa kokoto hauombi upole wa Tabaka. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya wachimbaji wasio na kilipuzi huwasha moto juu yake mpaka upate joto la kuupasua, kisha nyundo inafuata. Moto nao ni nguvu iliyochaguliwa: wa polepole, unaopenya ndani na kuufanya mwamba ujisukume wenyewe. Akina mama wanaoketi kando ya barabara wakiponda kokoto kwa nyundo, kipande kwa kipande, wanalipwa kwa mwamba kuvunjika. Kwao kampuni yenye mlipuaji aliyesomea na kibali halali ingekuwa sawa kabisa, mradi kazi isiwatupe nje. Baruti inastahili kule kwa sababu zilezile zinazoifukuza Tabaka.

Nasikia watu wakizungumza juu ya kuleta mashine Tabaka, na sipingi mashine. Ninachoomba ni kwamba ichaguliwe kwa jicho la yule mzee. Carrara, Italia, ambako marumaru imechimbwa tangu enzi za Warumi, siku hizi wanaikata milima kwa waya wenye almasi, unaozunguka na kunyunyiziwa maji. Unakata kama msumeno, hautikisi mwamba, na bonge linatoka zima. Kifaa cha namna hiyo, kidogo, chenye kumilikiwa na ushirika wa wachimbaji wenyewe, kingelifaa jiwe letu kuliko sanduku lolote la vilipuzi na kuliko tingatinga linaloparuza kila rangi pamoja. Na siku kitakapofika, wa kwanza kukishika awe mchimbaji anayejua mishipa ya mwamba ule imelala upande gani, na bonge zima lisilo na ufa lilipiwe bei yake palepale ukingoni mwa shimo, kabla halijafungwa kwenye pikipiki kuelekea Kisii mjini.